Masomo ya shahada ukiwa kazini Nairobi: nipime nini kabla ya kulipa karo?

KaraniWaEnterpriseRoad

Habari za jioni wanajukwaa. Nataka kusoma Shahada ya Biashara, mkondo wa uhasibu, bila kuacha kazi. KCSE (mtihani wa kidato cha nne) nilipata gredi ya C, kisha nikasoma diploma ya usimamizi wa biashara, na CPA, ile mitihani ya taaluma ya uhasibu, nimemaliza ngazi ya kati. Kazi yangu ni ya hesabu, Industrial Area, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, Jumamosi nusu siku. Nyumbani ni Kasarani.

Nimebaki na njia tatu: chuo cha kibinafsi chenye masomo ya jioni kando ya Thika Road, chuo cha umma kinachofundisha kwa masafa, au chuo cha Marekani cha mtandaoni pekee. Vyote vitatu vinajinadi kwamba vimeundwa kwa ajili ya mtu mwenye kazi, na brosha zao zinafanana kama sare za shule. Niulize maswali gani kabla sijatoa hata shilingi?

DaftariLaMhasibu

Anza na ratiba. Karo itafuata. Omba kuona ratiba halisi za mihula mitatu iliyopita za kozi hiyo, mwaka wa kwanza hadi wa nne. Wakikwambia "ratiba hutoka muhula ukianza", hilo nalo ni jibu.

Sababu ni hii. Yuniti (masomo mojamoja ya kozi) za mwaka wa kwanza huchukuliwa na kila mtu, kwa hiyo darasa la jioni hujaa. Mkifika mwaka wa tatu mnagawanyika kwa mikondo, wa uhasibu mnabaki wachache, na idara haioni faida ya kumlipa mhadhiri aje usiku kwa ajili ya watu saba. Yuniti inasukumwa hadi muhula ujao, au mnachanganywa na darasa la mchana. Hapo ndipo shahada ya miaka minne inapogeuka kuwa ya sita. Swali hili mpelekee mkuu wa idara. Afisa wa usajili usimsumbue nalo, kazi yake ni kukusajili. Muulize: mwaka jana ni yuniti zipi za mwaka wa tatu na wa nne zilizofundishwa jioni, na darasa hufunguliwa kwa watu wasiopungua wangapi?

Pili, barabara. Masomo ya jioni kwa kawaida huanza saa kumi na moja na nusu, yanaisha saa mbili na nusu usiku. Ukitoka Enterprise Road saa kumi na moja, huwezi kuvuka mji ukafika upande wa Ruaraka kwa nusu saa, na mvua ikinyesha ndiyo kabisa. Vyuo vingi humzuia mwanafunzi kufanya mtihani asipohudhuria theluthi mbili au robo tatu ya vipindi, kila kimoja na kanuni yake. Mhadhiri akizungusha karatasi ya sahihi mwanzoni, wewe unayefika saa kumi na mbili na nusu utahesabiwa hukuja, hata ukikaa hadi mwisho. Hapa dawa ni mbili: kampasi iliyo katikati ya jiji, au makubaliano na mwajiri kwamba unaingia saa moja asubuhi na kutoka saa kumi. Makubaliano hayo yawe kwenye barua. Meneja akibadilika, ruhusa ya mdomo huondoka naye.

Tatu, na hili watu wa hesabu hulisahau: linganisha mihula na kalenda ya kodi. Kila mwezi una PAYE (kodi ya mishahara) tarehe 9 na VAT (kodi ya ongezeko la thamani) tarehe 20. Kama kampuni inafunga mwaka Desemba, salio la kodi linatakiwa kufikia 30 Aprili na ritani kufikia 30 Juni. Vyuo vyenye mihula mitatu huanza Januari, Mei na Septemba, kwa hiyo mtihani wa kwanza wa mwaka unaangukia Aprili, wakati wakaguzi wa hesabu wamekalia meza yako. Chukua yuniti mbili Januari, tatu Mei, nne Septemba. Tisa kwa mwaka. Anayekushauri uchukue nne kila muhula hajawahi kufunga hesabu za mwaka.

Likizo pia ihesabu. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa siku 21 za kazi kwa mwaka, na hakuna kifungu kinachomlazimu mwajiri kukupa nyingine za mtihani. Mitihani ya mwisho mara nyingi huwekwa mchana siku za kazi, hata kwa wanafunzi wa jioni. Yuniti tisa zinaweza kukula siku tisa, unabaki na kumi na mbili za msiba, mgonjwa na Krismasi. Kama mkataba wako una siku za masomo, umebahatika.

YunitiKwaYuniti

Naongeza upande wa kupunguziwa yuniti, yaani kutosoma tena yale uliyokwisha kusoma kwingine, maana hapo ndipo pesa nyingi zilipo na ndipo watu wengi hudanganyika.

Kwa gredi ya C huwezi kuingia moja kwa moja, kiwango cha shahada ni C+. Unaingia kwa diploma au kwa CPA, na si vibaya, mradi barua ya kukubaliwa itaje sifa iliyokuingiza. Barua ikisema umekubaliwa kwa muda, uliza ni hati gani inayosubiriwa na mwisho wake ni lini.

Usikubali maneno ya "utaingia mwaka wa tatu". Hakuna anayeondolewa mwaka, huondolewa yuniti, moja baada ya nyingine. Chukua nakala za matokeo ya diploma zilizoidhinishwa, mtaala wa kila somo ulilosoma (wengi hawana, na bila huo idara haina cha kulinganisha), pamoja na matokeo ya KASNEB, bodi ya mitihani ya CPA. Peleka idarani. Wao hutazama kama maudhui yanalingana na kama ulipata alama ya kutosha, kisha wanapendekeza. Kuna ada kwa kila yuniti unayoondolewa, na kuna kikomo cha kiasi kinachoweza kuhamishwa. Subiri barua yenye msimbo wa kila yuniti iliyokubaliwa kabla ya kulipia muhula wa kwanza. Ukishaanza masomo huna tena nguvu ya kujadiliana, na utajikuta unasoma upya kanuni za uhasibu ulizokwisha kufanyia mtihani wa CPA.

Chuo chenye mizizi kwenye uhasibu huwa na mpangilio ulioandikwa tayari wa kupokea watu wa CPA. KCA, kwa mfano, ilianzishwa na ICPAK, taasisi ya wahasibu wa Kenya, mwaka 1989 kama chuo cha uhasibu. Sisemi ndiyo bora, nasema swali lako hapo halitakuwa geni.

Tuseme kozi ina yuniti 48 na umeondolewa 14. Zimebaki 34. Kwa mwendo wa tisa kwa mwaka alioutaja DaftariLaMhasibu, hizo 14 zimekuokolea zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Tuseme yuniti ni 8,500 na ada za kila muhula (mtihani, maktaba, intaneti na kadhalika) ni 7,000. Yuniti 34 ni 289,000. Mihula 12 ya ada ni 84,000. Jumla 373,000, kabla ya ada ya mahafali. Ukienda kwa kasi ya nne nne, mihula ni tisa na ada ni 63,000. Kwa hiyo mwendo wa pole umekugharimu 21,000, na naona ni bei nafuu kuliko kurudia mitihani. Namba hizi ni za mfano, weka za chuo chako.

Angalia jambo moja: je, wanatoza kwa yuniti au kwa muhula? Kama ni karo moja kwa muhula mzima, mpango wa yuniti mbili Januari haukufai hata kidogo, kwa sababu mbili na tano ni bei ile ile.

Kuhusu mkopo, HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, wana mkopo wa Jielimishe kwa watu wenye mshahara. Riba yake ni ya juu kuliko asilimia 4 wanayotozwa wanafunzi wa kawaida, na makato huanza ukiwa bado darasani, kwa hiyo linganisha na mkopo wa karo wa SACCO yako. Mwajiri akijitolea kulipa, soma kifungu kinachokufunga kubaki kazini kwa miaka kadhaa: ukiacha mapema unarudisha zote au sehemu tu?

Na CPA usiiache njiani. Shahada ya Biashara peke yake haikupi uanachama kamili wa ICPAK.

KutokaKonza

Mimi nitashika masafa na ng'ambo.

Kabla ya yote fungua tovuti ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, uangalie mara mbili: chuo kina idhini, na kozi yenyewe imeidhinishwa. Chuo kinaweza kuwa na hati kamili huku kozi fulani ikiwa bado haijapitishwa. Biashara haina bodi nyingine juu yake, lakini kwa wengine wanaosoma hapa: uhandisi una EBK (bodi ya wahandisi), sheria ina Baraza la Elimu ya Sheria, uuguzi una baraza lake. Usiishie CUE.

Kwa masafa, Chuo Kikuu cha Nairobi, Kenyatta na JKUAT vyote vina mfumo huo. Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati tarehe 3 Agosti 2023, makao yake ni Konza, na hicho hufundisha mtandaoni tangu mwanzo. Kina shahada ya biashara na ujasiriamali. Wewe unataka uhasibu, kwa hiyo soma orodha ya yuniti kabla ya jina la kozi. Swali kubwa la masafa ni mtihani wa mwisho unafanyikia wapi. Kozi nyingi "za mtandaoni" humwita mwanafunzi kampasini kwa mtihani, na hapo hesabu ya likizo inarudi. Uliza pia kama vipindi vya video hurekodiwa, kwa sababu kipindi cha saa moja usiku kisichorekodiwa ni darasa la jioni tu bila matatu. Simu haitoshi. Jedwali la hesabu kwenye skrini ya inchi sita ni mateso.

Marekani: vyuo vya aina hii vilianza huko zamani na si vyote ni sawa. University of Phoenix ilianza 1976, na kozi zake fupi za wiki chache huenda moja baada ya nyingine. Mwaka 2019 ilikubali kumaliza shauri la tume ya biashara ya serikali ya Marekani kwa dola milioni 191, shauri lililohusu matangazo ya kudai uhusiano na kampuni kubwa za ajira. Western Governors, ya 1997, hutoza kwa miezi sita, ukaenda kasi uwezavyo. Huo ni mfumo mzuri sana kwa mtu mwenye uzoefu, lakini kwa kawaida haipokei mkazi wa Kenya. University of the People, ya 2009, haitozi karo ya masomo bali ada kwa kila kozi. Shahada yake ni kozi 40, kwa hiyo zidisha kabla ya kushangilia neno "bure".

Kwako wewe kasoro ni ya kitaaluma. Kenya inafuata viwango vya kimataifa vya hesabu, IFRS, tangu 1999, lakini uhasibu wa Marekani hujengwa juu ya viwango vyao wenyewe. Hutasoma kodi ya Kenya wala Sheria ya Kampuni ya 2015. Kipindi cha moja kwa moja cha saa mbili usiku New York ni saa tisa au saa kumi za usiku hapa, kutegemea msimu. Ukiamua bado, waandikie CUE na KNQA (mamlaka ya kitaifa ya sifa za elimu) uulize kuhusu kutambuliwa kwa shahada hiyo, upate jibu la maandishi kwanza.

KaraniWaEnterpriseRoad

Asanteni sana, nimeshaandika maswali ya mkuu wa idara. Mawili yamebaki: kazi ikizidi katikati ya muhula nifanyeje? Na hizi habari za alama kupotea zinazosikika kila mahali?

DaftariLaMhasibu

Usinyamaze. Ukiacha tu kuhudhuria, yuniti zinabaki kwenye mfumo na mwishoni unaandikiwa hukufanya mtihani, karo imeliwa na unalipa upya. Jaza fomu ya kuahirisha masomo, ambatisha barua ya mwajiri, uipeleke kabla ya tarehe ya mwisho iliyo kwenye kalenda ya chuo, ambayo huwa mapema kuliko unavyodhani. Kudondosha yuniti moja kuna tarehe yake tofauti. Hakikisha umepewa jibu lenye saini, na uulize muda wa juu kabisa wa kumaliza shahada, kwa sababu miaka ya kuahirisha inaweza kuhesabiwa ndani yake.

Alama: kwa kawaida CAT (majaribio ya ndani ya muhula) ni 30 na mtihani 70, vingine 40 na 60. Alama za CAT ndizo hupotea zaidi, hasa kwa masomo ya jioni ambako wahadhiri wengi ni wa muda na muhula ujao hawapo. Hifadhi kila karatasi ya CAT iliyosahihishwa, kazi za nyumbani zitume kwa baruapepe ili ziwe na tarehe, saini karatasi ya mahudhurio ya mtihani na uandike namba ya kijitabu cha majibu. Matokeo yakitoka na pengo, andika kwa idara wiki hiyo hiyo. Anayesubiri mpaka orodha ya mahafali itoke hugundua mhadhiri amehamia chuo kingine na namba yake ya simu haipatikani.

YunitiKwaYuniti

Na kadi ya mtihani haitoki karo ikiwa na salio. Mshahara ukiingia tarehe 30 na mtihani ukianza tarehe 24, omba mpango wa kulipa kwa awamu wiki ya kwanza ya muhula, usingoje ya mwisho.