Kikundi cha ukoo: Cinderella aliyesukwa rasta

Zuhura: Shikamooni wakubwa zangu. Jana usiku niliwawekea watoto ile filamu ya Cinderella ya mwaka 1997, ambayo mwimbaji Brandy ndiye Cinderella na Whitney Houston ndiye mama wa miujiza. Binti yangu, ambaye wiki nzima amenisumbua nimfumue rasta kwa sababu wenzake wa shule hapa Minneapolis wamemwambia kwamba binti wa mfalme huwa na nywele za kumwagika mgongoni, amelala bila kulitaja tena jambo hilo.

Mjomba Idi: Marahaba, mpwa wangu. Filamu hiyo naikumbuka, ila kuna hesabu moja iliyonishinda. Malkia ni Whoopi Goldberg, mfalme ni Victor Garber, ambaye ni mzungu, na mtoto wao ni Paolo Montalban, aliyezaliwa Manila. Naomba mnieleweshe mtoto huyo walimpataje, kwa maana humo ndani hakuna hata mmoja anayeuliza.

Shangazi Rehema: Shemeji Idi, boga limegeuka gari la farasi mbele ya macho yako ukanyamaza, la uzazi ndilo lililokukwama kooni? Mtazame basi mama wa kambo, Bernadette Peters: binti yake mmoja mweupe, mwingine mweusi, na uroho wao ni wa tumbo moja.

Kaka Juma: Shikamoo Shangazi, shikamoo Mjomba. Mimi sina tatizo na uzazi, nina tatizo na ukimya. Hadithi hii Rodgers na Hammerstein, watunzi wa michezo ya kuimba, waliiandikia televisheni mwaka 1957, akaigiza Julie Andrews, ikarudiwa mwaka 1965 na Lesley Ann Warren. Ilipofika zamu ya Brandy, kisa kilibaki kilekile. Ufalme ambao rangi haijamkosesha mtu chochote haufanani hata kidogo na Marekani ya mwaka ule, na huenda ndiyo sababu watu zaidi ya milioni 60 waliweza kuitazama usiku ule wa tarehe 2 Novemba ilipoonyeshwa kwenye televisheni mara ya kwanza, pasipo filamu yenyewe kuwadai lolote.

Zuhura: Kaka, la ukimya sikatai. Lakini usisahau kwamba Whitney alikuwa pia miongoni mwa watayarishaji, na kwamba mwanzoni yeye mwenyewe ndiye aliyekusudiwa kuwa Cinderella. Mradi ulipochelewa miaka kadhaa, akaona umri umempita, akampa nafasi hiyo Brandy, aliyekuwa na miaka 18. Kwa hiyo aliyechagua nani avae kiatu cha kioo naye alikuwa mwanamke mweusi. Halafu tazama muujiza wenyewe ulivyofanyika: matambara yanageuka gauni la buluu na miguu inapata viatu, lakini rasta zinabaki rasta, zimekusanywa utosini chini ya taji. Hapo ndipo mwanangu aliponivuta mkono akaniambia nirudishe nyuma, nami nimerudisha mara tatu.

Kaka Juma: Kwa rasta nimekubali. Ila huyo mwana wa mfalme naye! Amecheza na msichana hadi saa sita usiku, kisha anajaribisha kiatu kwa kila mguu wa mjini, mweupe kwa mweusi, kana kwamba hakumtazama hata nywele.

Shangazi Rehema: Mwanangu, hapo ndipo ninapoipenda mimi. Hakutumwa mjumbe kutafuta msichana mweusi. Kilichotafutwa ni mguu. Ukimya unaoulalamikia ndio uliowapa wote haki ya kukalia kile kiti.

Mjomba Idi: Haya, la uzazi nimelifuta. Filamu yenyewe inapatikana wapi siku hizi?

Zuhura: Imo Disney+, ile huduma ya kutazama filamu mtandaoni, tangu Februari 2021, Mjomba. Mtaniwia radhi nikichelewa kujibu, maana mtoto ameamka anataka rasta zake zikusanywe kama za Brandy, nami nimekaa na chanuo mkono mmoja na picha kwenye simu mkono wa pili, na zile za kisogoni bado zinaanguka.