Kituo cha angani kinachosaidia mno: wachezaji wangu waingieje bila kulazimishwa?

Msimulizi_Umoja
Wadau, habari za jioni. Mimi ndiye msimulizi wa mchezo wetu wa dadu, ule ambao kila mtu anabeba mhusika wake. Tunacheza Jumapili alasiri kwa dada yangu hapa Umoja, meza ikishafutwa. Kuna rubani, mhandisi, daktari, na mmoja anayejiita mfanyabiashara ingawa shehena zake zote ni za magendo.

Meli yao imetobolewa ubavuni na kijiwe, hewa inavuja polepole. Mbele yao kuna kituo cha zamani kisicho na mtu, mitambo mitupu inayojiendesha. Kinawaita kwa redio: karibuni, hewa ipo, maji yapo, tundu tutawazibia. Hakiombi chochote.

Sasa, hawa ni watu wa Nairobi. Neno "bure" halijamaliza kutoka mdomoni, kila mmoja ameshika mfuko. Mhandisi, ambaye wiki nzima yuko Luthuli Avenue akiuza na kutengeneza simu, aliweka kalamu chini akasema yeye haingii mahali ambapo bei haijulikani. Rubani akamuunga mkono. Tukafunga kikao meli ikiwa mita mia mbili kutoka mlangoni, watu bado wanabishana.

Nataka waingie kwa hiari yao, kisha wakae roho juu bila kuweza kusema kinachowasumbua ni kipi. Kompyuta inayogeuka muuaji sitaki. Hiyo imetafunwa hadi haina utamu.

kijana_wa_roysambu
Punguza hewa. Ikibaki ya nusu saa wataingia wenyewe wakikimbia.

Msimulizi_Umoja
Hapo nitakuwa nimewasukuma, ndugu. Nikiwasukuma nitapigiwa kelele hadi Krismasi.

Mama_Mitumba
Mwanangu, ya angani siyajui, lakini Gikomba, soko letu la mitumba, naijua. Huyo wako wa Luthuli haogopi hatari. Anakosa pa kuanzia kubishana. Kituo kitaje bei, tena kubwa: kiraka kiasi hiki, maji kiasi hiki, hewa kwa kilo. Utamwona anavuta kiti karibu. Atakata hadi robo akitegemea mkutane katikati. Halafu kituo kiseme "sawa". Papo hapo. Hakuna "niongeze kidogo", hakuna kuapa kwamba kinapata hasara. Mimi muuzaji akikubali bei yangu ya kwanza, naikunjua ile suruali tena pale pale nitafute palipotoboka. Na wao watatafuta, ila watakuwa washalipa na wako ndani.

FundiRedio_SouthB
Mama kamaliza. Mimi naongeza mlango wenyewe, maana watu hudhani chombo chochote kinaingia popote. Apollo ya Wamarekani na Soyuz ya Wasovieti zilipoungana angani Julai 1975, ilibidi Wamarekani wabebe chumba maalumu cha katikati. Pete za kuunganishia hazikufanana, na hata hewa hazikufanana: Apollo ilikuwa na oksijeni tupu kwa shinikizo la karibu theluthi moja ya hili letu la usawa wa bahari, Soyuz ilikuwa na mchanganyiko wa naitrojeni kama tunaovuta hapa. Na hizo ni nchi mbili zilizokaa miaka zikipanga.

Kituo chako hakijawahi kuiona meli hii. Basi pete yake iingie kwenye yao bila kukwaruza, na shinikizo lilingane hadi desimali ya mwisho. Usiseme ni ajabu. Soma namba, uliza nani anavuka kwanza, endelea.

Halafu kiraka. Mkono wa roboti ukilete kikiwa kimeshakatwa, umbo la tundu lile lile, pamoja na ule mkwaruzo mrefu wa pembeni. Mhandisi akikigeuza, akute vumbi la ghala nyuma yake na gundi ya kingo imekuwa ya manjano kwa uzee. Ukishasema hivyo, kunywa chai.

Watapima kila kitu, waache wapime. Wanaanga Dzhanibekov na Savinykh walipoingia Salyut 7, kituo cha angani cha Wasovieti, mwaka 1985, kituo kimezimika na maji yameganda, nao walianza kwa kupima hewa. Kwa wachezaji wako, vipimo vyote vitoke safi.

pwani_kwetu
Kiite Uhuru. Ndilo jina la satelaiti ya kuchunguza eksirei za angani iliyorushwa 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi.

kijana_wa_roysambu
Siasa hizo peleka kwingine 😂

Msimulizi_Umoja
Jina nimelichukua. Mama, shikamoo, hiyo ya "sawa" ni dawa. Lakini Fundi, kituo chenyewe kinataka nini? Wataniuliza.

FundiRedio_SouthB
Si lazima kitake kitu. Tarehe 29 Julai 2021, saa chache baada ya Nauka, moduli ya Warusi, kuungana na Kituo cha Kimataifa cha Angani, injini zake ziliwaka zenyewe kwa hitilafu ya programu. Kituo kizima kikazunguka takriban digrii 540, hadi injini nyingine zilipowashwa kukidhibiti. Nauka haikuwa na kinyongo na mtu. Chako nacho kiliamriwa kisiachie meli isiyo salama, na meli iliyo salama kabisa haipo. Leo kiraka, kesho waya, keshokutwa kiti cha rubani. Kwa bei wanayotaja wao.

Ila wape njia ya kujing'oa bila ruhusa ya kituo, la sivyo utakuwa umewafungia tu. Soyuz ina vilipuzi vidogo vya kukatia ndoano zinazoishikilia kwenye kituo, zikigoma kufunguka. Meli yao iwe navyo tangu mwanzo, kwenye karatasi ya mhandisi, mstari ambao hakuna anayeusoma.

Msimulizi_Umoja
Naviandika leo usiku. Na lile tundu nalisogeza liwe kando kabisa ya pete, sentimita chache tu kutoka kwenye ndoano. Wakilipua ili waondoke, kiraka kinatoka nacho, na hewa inaanza kuvuja upya. Wakitaka wabaki, kuna chakula. Hapo wabishane wenyewe, dada ashaahidi kuongeza mahamri.