Aliyewahi kuandika blogu kwa programu isiyohitaji intaneti, tupeane uzoefu

Mnazi wa Tabata:
Wakuu habari za jioni. Jana naandika zangu posti moja kwa moja kwenye brauza, nimeshafika maneno elfu na ushee, umeme huo. Rauta ikazima, na laptopu yangu betri ilishakufa zamani inaishi kwa waya, nayo chali. Kuja kuwasha nimekuta aya mbili. Aya mbili! Ndo nikakumbuka enzi za Live Writer, ile programu ya Microsoft ya kuandikia blogu, unaandika huna hata bando, siku ukipata mtandao unabonyeza mara moja posti inapanda na picha zake. Nataka kurudia mtindo ule. Aliyejaribu atiririke, mazuri na machungu.

Bi Kokoto:
Nimekaa hapa na karanga zangu.

Fundi Waya:
Live Writer marehemu mkuu. Toleo la mwisho lilikuwa la 2012, Januari 2017 Microsoft wakaacha kuitoa. Iliyopo ni Open Live Writer, ilitoka Desemba 2015, ya bure, ila ni ya Windows tu. Mimi niliishusha, kuiunganisha na blogu yangu ya WordPress ikagoma. Nikabadili nywila mara nne, nikatukana, kumbe jamaa wanaonihifadhia tovuti walishafunga faili ya xmlrpc.php kwa sababu wadukuzi wanaitumia kubahatishia nywila, na hizi programu nyingi zinapitia mlango huohuo. Nikawaandikia, wakafungua. Kabla hujailaumu programu angalia mlango.

Mama Pacha:
Mi nilikuwa naandika kwenye Word halafu nakopi napesti. Kwanza mistari myekundu ukurasa mzima kama mtoto kamwaga wino, Word yangu haikujua hata "ugali". Nikavumilia. Kuja kupesti kwenye blogu, aya moja herufi kama za bango la mkutano, inayofuata unasoma kwa miwani. Nikafungua upande wa HTML, zile kodi za nyuma ya ukurasa, kuona kulikoni, aisee, mso mso mso mpaka chini, alama za Word hizo, maneno yangu mwenyewe nayatafuta kama sindano. Nilishinda Jumapili nzima nafuta takataka, wali ukaungulia.

Kaka Notipadi:
Yote hayo ya nini? Notipadi inatosha. Andika, sevu, pesti.

Mama Pacha:
Na picha unaziweka wapi, mfukoni?

Kaka Notipadi:
Dada mbona hasira, mwandishi anatakiwa maneno. Picha ni za wapiga picha.

Fundi Waya:
Mwache, huyo bado anatumia flopi.

Jirani wa Shimoni:
Yangu fupi. Drafti 30 hivi, zote kwenye Live Writer. Laptopu ikawa nzito nikaipeleka Kariakoo, fundi akamuuliza wife kwenye simu "kuna data za muhimu?", wife akasema hamna, picha za harusi tulishazitoa. Akapiga windows upya, kila kitu kikafutika. Zile drafti zinakaa kwenye folda ya My Weblog Posts ndani ya Documents, sio hewani kama nilivyodhani. Nilitoa macho kama mjusi kabanwa na mlango.

Mpangaji Mstaafu:
Ngoja nami niseme, leo mmenikumbusha mbali. 2013 nimepanga Mwananyamala, nina blogu ya maisha ya uswahilini. Nilikuwa na drafti mbili, moja bei ya nyanya Ilala, nyingine nilimwaga sumu kuhusu mama mwenye nyumba. Tunachangia LUKU ya umeme vyumba vinne sawa kwa sawa, yeye ana hita anachemshia maji ya kuogea wajukuu watatu. Ile sikuiandika ili niiposti, niliandika nipate usingizi. Na kwa uvivu wangu drafti zote nilizipa jina la tarehe. Nikaenda Mwenge kudandia mtandao wa ofisi ya rafiki yangu, nikafungua, nikabonyeza, nikafunika laptopu, nikapanda daladala na amani yangu. Narudi saa moja jioni namkuta mama kakaa kwenye kigoda mlangoni KWANGU, binti yake ameshika simu anamsomea. Mama anamwambia "hapo pa hita parudie". Nikaingia ndani mbio kufuta, nikafuta kweli, kumbe nimefuta nakala ya kwenye mashine, ya mtandaoni ipo palepale, na bando sina.

Nakuja, kuna mteja dukani.

Bi Kokoto:
We baba rudi! Karanga zimeisha.

Mnazi wa Tabata:
Jamani uzi wa programu huu.

Kaka Notipadi:
Ila mama alikosea wapi? Nyumba yake, hita yake.

Mama Pacha:
LUKU ya wote! Watu kama nyie ndo tunapanga nao.

Jirani wa Shimoni:
Mwenye uzi, drafti weka na kwenye flashi.

Fundi Waya:
Flashi zina virusi, jitumie kwa emaili. Na WordPress kuanzia toleo la 5.6 unaweza kutengeneza nywila ya pembeni ya programu tu, usiipe ile kuu.

Kaka Notipadi:
Au nunua betri.

Mpangaji Mstaafu:
Nimerudi. Sikufukuzwa. Nikamwamkia, shikamoo mama, akaitikia, akanyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Mwanangu, ya hita tutaongea. Hili la kuandika mimi bibi wa miaka sitini umelitoa wapi? Mimi nina hamsini na nne." Akakaa palepale mpaka binti akaniwashia mtandao wa simu yake, nikaibadilisha namba mbele yao. Hita iliendelea kama kawaida.

Mnazi wa Tabata:
Dah. Haya, nimeshusha Open Live Writer, imekubali, drafti nazipa majina kamili.

Bi Kokoto:
Mpangaji, hiyo posti bado ipo? Weka linki.

Mpangaji Mstaafu:
Shangazi, binti yake ndo mke wangu sasa hivi. Niacheni.