Chanjo zinaganda njiani kwenye huduma ya mkoba (kuwafuata watoto vijijini kuwachanja)

Habari wakuu. Tunabeba kibebeo cha chanjo chenye pakiti 4 za barafu, mwendo wa saa 5 kwa miguu. Tukifika, vichupa vya penta (chanjo ya magonjwa matano) na pepopunda vina barafu ndani. Tunakosea wapi?

Jibu: Bila shaka pakiti zinatoka kwenye friza na kuingia moja kwa moja. Ziacheni mezani kwanza mpaka ukitikisa moja sikioni usikie maji yakicheza. Hapo ndipo mpange. Lengo ni nyuzi 2 hadi 8. Chanjo hizi kuganda huziua kuliko joto: aluminiamu iliyomo hushikana madonge.

Jibu: Hivyo vilivyoganda msivitumie kuchanja, hata vikiyeyuka vikaonekana safi. Kipimo cha kutikisa kichupa, kuona kama chanjo iliwahi kuganda, ni cha kichupa unachokishuku tu. Ukishaona barafu, jibu unalo.

Jibu: Naongeza kuhusu chanjo ya surua, ambayo ni ya unga. Ichanganye mtoto akiwa mbele yako, kwa kiyeyushi chake (maji ya kuchanganyia) kilichopoa, andika saa kwenye lebo, kichupa kichomeke kwenye sifongo ya kibebeo. Zikipita saa 6, tupa, hata dozi zikibaki. Bakteria wakizaliana humo mtoto anaweza kufa. Lakini tafadhali, mama aliyefika na mtoto mmoja asirudishwe. Fungua kichupa.