Gentoo: qtwebengine inakufa katikati ya kujengwa, Python 3.11 na 3.12 zinagombana. Naomba msaada

MtunzaVitabu_Songea aliandika:

Wakuu, habari za jioni. Naandika kwa urefu kidogo ili msihangaike kuniuliza mara mbili mbili.

Mimi ni mtunza maktaba ya shule hapa Songea. Kazi ninayoipenda zaidi ni kukusanya hadithi wanazoandika wanafunzi na kuzigeuza kuwa vitabu vya epub, wakazisoma kwenye tableti za maktaba. Hapo natumia calibre. Laptopu ni ThinkPad T430, prosesa i5-3320M, ramu 8 GB, SSD 240 GB. Nimeweka Gentoo (Linux ambayo programu zake hujengwa kutoka kwenye msimbo hapo hapo kwenye mashine) tangu 2021, yenye systemd na Plasma.

Sijasasisha tangu Februari 2024, na sasa ni Novemba. Bando nilikuwa nalitumia kwa mambo ya maktaba, nikawa najisemea wiki ijayo, wiki ijayo. Juzi nimefanya `emerge --sync` (emerge ndiyo amri ya kusakinisha na kusasisha), kisha `emerge -avuDN @world` ya kusasisha mfumo mzima. Ikataka vifurushi 312 na haikukubali hata kuanza. Imejaa maandishi mekundu kuhusu `python_targets_python3_11` na `python_targets_python3_12`, yaani toleo la Python ambalo kila kifurushi kinajengewa. Kila ninachogusa kinaniambia kingine kinakizuia.

Nikasema ngoja nijenge kikubwa peke yake kwanza, `dev-qt/qtwebengine` (injini ya kuonyesha kurasa za wavuti), kwa sababu calibre haiendi bila hicho. Mara ya kwanza kilikufa baada ya saa tano. Mara ya pili baada ya saa sita hivi. Mara ya tatu umeme ulikatika, betri yangu imechoka, na nilipowasha nikakuta kila kitu kimeanza sifuri. Mwisho wa maandishi ni huu huu kila mara:

`ninja: build stopped: subcommand failed.`

Nimepunguza kiwango cha uboreshaji cha kompaila, nimetoa `-O2` nikaweka `-O1`, wapi. Nimefuta `/var/cache/distfiles` nikapakua upya nikidhani faili limeharibika, bando likaishia hapo. Tena emerge inanionya kwamba profaili yangu ya 17.1 (mipangilio ya msingi ya Gentoo) imepitwa na wakati. Je, nihamie 23.0 kwanza ndipo nisasishe?

Kaka mmoja huku amenishauri niachane na mfumo wa kujenga, niweke unaokuja umeshapikwa. Nimemshukuru lakini sitaki. Nina kiraka changu kwenye `/etc/portage/patches/app-text/calibre`, mistari sita tu, kinachokiweka Kiswahili juu kabisa kwenye orodha ya lugha ninapoingiza kitabu kipya. Kila calibre ikisasishwa, Portage (mfumo wa vifurushi wa Gentoo) inakibandika yenyewe. Kwa mara ya kwanza maishani nilifungua programu, nikabadilisha nilichotaka, na ikanitii. Sikubali kuupoteza uhuru huo.

Baharia_Kisauni alijibu:

Dada, pole sana. Huo mstari wa ninja, programu inayosimamia ujenzi, haukuambii kitu. Ni kama mtu anayekuja kukuambia msiba umetokea bila kusema nani amefariki. Chanzo kiko juu zaidi. Ingia `/var/tmp/portage/dev-qt/`, kwenye folda ya kifurushi hicho utakuta `temp/build.log`. Tafuta ndani yake neno `FAILED` la kwanza kabisa, si la mwisho, usome mistari inayolifuata. Kama folda imeshafutika, endesha tena mpaka ife, kisha usizime mashine.

Halafu tuletee na haya:

`dmesg | grep -i "out of memory"`
`free -h`
`df -h /var/tmp/portage`
`grep MAKEOPTS /etc/portage/make.conf`
`grep -rn PYTHON /etc/portage`

Na tafadhali rudisha `-O2` yako. Ukigusa mambo matatu kwa pamoja hata ikipona hutajua dawa ilikuwa ipi.

MtunzaVitabu_Songea alijibu:

Asante kaka. Nimeiacha ijenge usiku kucha, imekufa alfajiri. `FAILED` ya kwanza inafuatiwa na hii:

`c++: fatal error: Killed signal terminated program cc1plus`

Kwenye dmesg kuna mistari minne ya `Out of memory: Killed process`, yote ya cc1plus, kompaila ya C++. Ramu 7.5 GB, swapu (nafasi ya diski inayosaidia ramu) 2 GB. MAKEOPTS ni `-j5`, kazi tano kwa pamoja. Hii `df` ndiyo imenishangaza: inasema `/var/tmp/portage` ni tmpfs yenye 12 GB. Nimekumbuka kwamba niliweka mstari huo kwenye fstab (faili la orodha ya diski zinazounganishwa) mwaka 2021 kutoka kwenye maelezo ya mtu aliyesema unalinda SSD.

Na kwenye make.conf kuna `PYTHON_TARGETS="python3_11"`. Sikumbuki hata niliandika lini.

Mzee_wa_Kihonda alijibu:

Mwanangu, umejibu swali lako mwenyewe, kilichobaki ni kuunganisha vipande.

tmpfs ni folda inayoishi ndani ya ramu. Aliyekupa mstari ule bila shaka alikuwa na mashine ya 32 GB. Wewe una 8 GB, ukaiambia kerneli kwamba folda hiyo inaweza kufika 12 GB. Ndiyo maana hata ukaguzi wa nafasi ulipita: kabla ya kuanza, qtwebengine huuliza kama diski inatosha, ikajibiwa zipo 12 GB, ikaamini. Halafu msimbo unafunguliwa ndani ya ramu, na kila faili linalojengwa linakaa humo humo. Wakati huo kompaila tano zinadai ramu hiyo hiyo. Makadirio tunayoyatumia kwenye Gentoo ni 2 GB za ramu kwa kila kazi moja ya `-j`. Kazi tano ni 10 GB kabla hata hujahesabu tmpfs. Kerneli ikibanwa haiombi ruhusa, inachagua mchakato mnene kuliko yote na kuuua. Kompaila haikuwa na kosa, na msimbo haukuwa na kosa.

Ndiyo hiyo hiyo iliyokuponza umeme ulipokatika. Kilichokuwa kwenye ramu kilikwenda na umeme. Kingekuwa kwenye SSD, ungewasha ukaendesha `FEATURES="keepwork" emerge -1 dev-qt/qtwebengine`, nayo ingeendelea kutoka ilipofika badala ya kuanza upya. Kwa sisi ambao umeme ni wa kubahatisha, hilo peke yake ni sababu ya kutosha kuifuta tmpfs. Mimi nimejenga kwenye SSD miaka mingi na bado inafanya kazi. Toa mstari huo kwenye fstab, fanya `umount /var/tmp/portage`, weka `MAKEOPTS="-j3"` kwa mashine nzima, na ongeza swapu ifike 8 GB.

Sasa Python. Gentoo ilihamisha chaguo lake la kawaida kutoka 3.11 kwenda 3.12 tarehe 1 Juni 2024, na tangazo lilitolewa mwezi Mei. Ungeliona kwa `eselect news read`. Mstari wako wa make.conf unafunika chaguo la Gentoo, kwa hiyo wewe umeganda kwenye 3.11 huku baadhi ya vifurushi vikidai 3.12. Ufute. Kisha usiruke moja kwa moja, pita kwa daraja. Kwenye `/etc/portage/package.use/python` andika:

`*/* PYTHON_TARGETS: -* python3_11 python3_12`
`*/* PYTHON_SINGLE_TARGET: -* python3_11`

Endesha `emerge -avuDN @world`. Hapo kila kifurushi cha Python kitakuwa na miguu miwili. Baada ya hapo badilisha mstari wa pili uwe `python3_12`, endesha tena. Mwisho toa mistari yote miwili, endesha mara ya tatu, na hapo tu ndipo ufanye `emerge -a --depclean`, ya kuondoa visivyohitajika tena. Ukifanya depclean mapema utaing'oa 3.11 wakati bado kuna anayeiegemea.

Profaili usiiguse sasa. Maelekezo ya 23.0, yaliyotoka Machi 22, yanataka mfumo uwe umesasishwa kabisa kabla ya kuhama.

Baharia_Kisauni alijibu:

Mzee amemaliza. Naongeza mawili. qtwebengine ina bendera ya USE (chaguo la kuwashwa au kuzimwa) ya `jumbo-build` ambayo huunganisha mafaili mengi yakajengwa kama moja. Inaharakisha lakini inakula ramu. Andika `dev-qt/qtwebengine -jumbo-build` kwenye package.use, itachukua muda mrefu ila itafika.

La pili, tangu tarehe 29 Desemba 2023 Gentoo yenyewe inatoa vifurushi vilivyokwisha kujengwa. Ukiweka `/etc/portage/binrepos.conf` sawasawa, unaongeza `-g` kwenye emerge na qtwebengine inashuka ikiwa tayari. Kwa i5 yako chagua njia ya `x86-64`, si ya `x86-64-v3`, kwa sababu prosesa za kizazi hicho hazina AVX2, maagizo ya prosesa ambayo v3 inayahitaji.

Mzee_wa_Kihonda alijibu:

Hilo la pili ni zuri ila lina mtego. Vifurushi hivyo kwa sasa vinajengwa kwa profaili ya 23.0, na mama huyu bado yuko 17.1. Asichanganye. Vilevile calibre ikishuka ikiwa tayari, itakuja bila kiraka chake, maana kiraka hubandikwa wakati wa kujenga. Itabidi aandike `--usepkg-exclude app-text/calibre`.

Kwa hiyo mwanangu, ushauri wangu ni huu. Kuhamia 23.0 kunadai kila kifurushi kijengwe upya, `emerge -e @world`. Ukijenga qtwebengine leo utaijenga tena wiki ijayo. calibre uliyonayo bado inafunguka? Kama inafunguka, maliza hadithi za watoto kwanza. Kisha iondoe kwa muda pamoja na qtwebengine, sasisha vilivyobaki, hamia 23.0, halafu uirudishe. Vitabu vyako viko kwenye folda yako ya nyumbani, kuondoa programu hakuvigusi. Ila navyo vinakili kwanza kwenye flashi.

MtunzaVitabu_Songea alijibu:

Wazee wangu, nimerudi. Zimepita siku kumi na moja.

calibre ya zamani ilikuwa inafunguka, nikamaliza hadithi 38 za darasa la tano na la sita Ijumaa ile. Nikanakili kila kitu kwenye flashi mbili. Jumamosi nikaondoa calibre, nikafuta mstari wa fstab, nikaongeza swapu, nikaweka `-j3`, nikaufuta mstari wa PYTHON_TARGETS. Daraja la Python lilipita kama mzee alivyoeleza. Mara ya kwanza vifurushi 287, na mekundu hayakuonekana tena. Umeme ulikatika mara mbili katikati. Mara ya pili ulikuwa kwenye gcc, nikawasha nikaweka `keepwork`, na nikaona kwa macho yangu ikiendelea kutoka pale pale. Nilisimama nikaitazama kama dakika kumi nzima.

Kisha 23.0. Nilikuwa `17.1/desktop/plasma/systemd/merged-usr`, nikachagua `23.0/desktop/plasma/systemd`. Nikajenga binutils, halafu gcc, halafu glibc, kwa mpangilio huo huo wa tangazo. Nikaendesha `getuto` ili saini zikaguliwe, kisha `-e @world` yenye `-g`. Vingi vilishuka tayari, na vilivyojengwa hapa vilikuwa mia moja na kitu.

Kwa atakayepita njia hii baada yangu: qtwebengine ilikataa kushuka. emerge ilikuwa inasema kwamba kifurushi kipo ila kimepuuzwa kwa sababu bendera za USE hazilingani. Nikazunguka nusu siku. Ilikuwa ni ile `-jumbo-build` niliyoiandika kwa ushauri wa kaka Baharia. Wanaojenga kule wanaiacha imewashwa. Nikaufuta mstari, ikashuka ndani ya dakika chache. Kaka, ushauri wako haukuwa mbaya, ulikuwa wa njia nyingine.

calibre nimeijenga hapa hapa. Kwenye logi niliona `Applying` na jina la faili langu, nikafungua, nikaingiza kitabu kipya, na Kiswahili kiko juu.

Kazi iliyobaki ni moja. Tangu jana nimeweka `FEATURES="buildpkg"`, kila ninachojenga kinabaki pia kama kifurushi kwenye `/var/cache/binpkgs`. Chumba cha kompyuta cha shule kina T430 nyingine mbili, ramu 4 GB kila moja. Mzee, prosesa ni zile zile i5-3320M. Nikizipelekea vifurushi hivi kwa flashi, niache `-march=native` (inayoiambia kompaila ijenge kwa prosesa ya mashine hii) au niibadilishe?

Mzee_wa_Kihonda alijibu:

Kama prosesa ni ile ile kabisa, iache. Lakini andika `-march=ivybridge` badala ya `native`, ili siku laptopu yako ikibadilishwa usije ukawapelekea vifurushi visivyowaka kwao. Na `PKGDIR` yao, folda ya vifurushi, ielekeze kwenye flashi, kisha `emerge -K`, inayosakinisha vilivyokwisha kujengwa tu. Wakikwama lete `FAILED` ya kwanza hapa.