Naomba ushauri: nataka bakapu ijiendeshe yenyewe usiku

Wakuu habari zenu. Niko IT peke yangu kwenye ofisi moja hapa Mwanza, seva ni moja ya Linux yenye mfumo wa mishahara, na kila jioni bakapu ya databesi naifanya kwa mkono, nakopi kwenye diski ya nje halafu naandika kwenye daftari. Mwezi uliopita nikaugua malaria siku tatu, hakuna aliyefanya, na juu ya hapo diski ya seva ikajaa logi (faili ambamo mfumo huandika matukio yake), mfumo ukagoma, wahasibu wamejaa mlangoni kwangu, iliniuma sana maana kuna watu walichelewa kulipwa.

Sasa nimeandika skripti ya mysqldump (amri ya kutoa nakala ya databesi ya MySQL) nimeiweka kwenye cron (programu ya Linux inayoendesha kazi yenyewe kwa saa uliyopanga) saa nane usiku, nikiiendesha mwenyewe inakubali vizuri tu ila cron ikiiendesha faili linatoka na baiti 0. Nahisi ni PATH (orodha ya folda ambamo mfumo hutafuta programu) au paswedi, maana cron haibebi mazingira yote ya yuza aliyelogin. Paswedi niiweke kwenye .my.cnf (faili la mipangilio la MySQL) yenye chmod 600 (mwenye faili tu ndiye anaweza kulisoma na kuliandika) au kuna njia salama zaidi? Na kwa logi, logrotate (programu ya kuhifadhi logi kwa zamu na kufuta za zamani) inatosha? Pia ikifeli nataka meseji ije kwenye simu usiku huohuo, nyie mnatumia nini? Msaada wenu tafadhali, mishahara ni wiki ijayo.