Amplifaya ya gari inazima kila besi ikipiga

Muulizaji, Mbeya
Habari zenu, wakuu. Gari langu lina amplifaya ya chaneli 2 iliyofungwa kwenye buti, inayoendesha subwufa (spika ya besi) moja ya omu 4, yaani kipimo cha ukinzani wake. Nikiwa safarini kati ya Uyole na Igawa muziki hauna shida, lakini jioni kwenye foleni ya Mwanjelwa, mvua inanyesha, taa na waipa zinafanya kazi, besi ikipiga kwa nguvu amplifaya inazima, taa nyekundu inawaka, kisha baada ya sekunde chache inarudi yenyewe. Fundi amenishauri niweke fyuzi kubwa zaidi. Je, ni sahihi?

Jibu, Iringa
Fyuzi usiiguse, ndugu. Ingekuwa imekatika, amplifaya isingerudi yenyewe. Tena fyuzi inayozidi uwezo wa waya huacha waya uungue kwanza. Taa hiyo ni ya ulinzi, ambao hukata kwa sababu ya joto, shoti upande wa spika, au volti kushuka. Joto lingechukua muda kupungua, si sekunde chache. Mimi nashuku volti, kwa kuwa kwenye foleni injini huzunguka polepole na alteneta, inayozalisha umeme wa gari, hutoa umeme kidogo, huku taa na waipa vikiugombania. Besi ikipiga, pima volti kwenye betri, kisha kwenye amplifaya yenyewe.

Jibu, Njombe
Hakikisha pia kama subwufa ina koili (waya uliozungushwa ndani ya spika) mbili. Koili mbili za omu 4 zikiungwa sambamba hubaki omu 2, na amplifaya nyingi za chaneli 2, chaneli zake zikiunganishwa kuwa moja, hazitaki spika ya chini ya omu 4.

Muulizaji
Koili ni moja. Betri inasoma volti 13.6, amplifaya 10.7.

Jibu, Iringa
Basi alteneta haina hatia. Karibu volti 3 zinapotea njiani. Weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye hasi ya amplifaya, besi ikiendelea kupiga. Ikizidi nusu volti, fungua bolti inayoshika waya wa hasi kwenye bodi ya gari, kwangua rangi hadi chuma kitupu, kisha kaza waya mfupi wenye unene sawa na ule wa chanya. Usomaji ukiwa mdogo, rudia kipimo hicho upande wa chanya, ukianzia kwenye kishikio cha fyuzi. Angalia pia aina ya waya, maana ule wa aluminiamu uliopakwa shaba, unaouzwa kwa bei nafuu, hupoteza volti nyingi kuliko shaba halisi ya unene uleule.